Ikisiri za makongamano na hesabu ya hadhi ya majarida

Mtafiti anayekuja maktabani kuuliza achapishe wapi, swali lake la pili karibu kila mara ni hili: jarida hilo lina kipimo cha athari (impact factor) cha ngapi? Kwa kuwa namba hiyo hutumika hata katika kupandisha watu vyeo, kila anayeitumia anastahili kujua inavyopatikana.

Ni hesabu ya kugawanya. Kipimo cha mwaka 2023 hupatikana kwa kuhesabu ni mara ngapi, ndani ya mwaka huo, maandiko ya jarida ya 2021 na 2022 yalinukuliwa, kisha kugawanya kwa idadi ya makala za miaka hiyo miwili. Wazo la kupima majarida kwa kunukuliwa lilitolewa na Eugene Garfield, mtaalamu wa habari za sayansi wa Marekani, mwaka 1955, na ripoti ya kila mwaka ya majarida ilianza 1975. Siku hizi inatolewa na kampuni ya Clarivate.

Shida ni kwamba namba ya juu (mara za kunukuliwa) na ya chini (idadi ya makala) hazihesabu vitu vilevile. Juu huingia kila unukuzi unaolitaja jarida, hata kama kilichonukuliwa ni tahariri, barua au ikisiri ya kongamano, yaani muhtasari mfupi wa utafiti uliowasilishwa mkutanoni. Chini huhesabiwa makala za utafiti na za mapitio tu.

Vyama vya kitaaluma, hasa vya tiba, huchapisha ikisiri za mikutano yao katika matoleo ya ziada ya majarida yao. Chama cha Marekani cha magonjwa ya damu huchapisha maelfu ya ikisiri namna hiyo katika jarida la Blood. Tuseme jarida fulani limechapisha makala 200 kwa miaka miwili, nazo zikanukuliwa mara 400. Kipimo ni 2.0. Likiongeza ikisiri 1,500 ambazo kwa jumla zimenukuliwa mara 60 tu, kipimo kinapanda hadi 2.3 bila makala hata moja kuwa bora zaidi. Lakini ikisiri hizohizo zikihesabiwa na chini, 460 kwa 1,700, kinaporomoka hadi 0.27.

Jambo hili limewahi kutokea. Mwaka 1988 ikisiri za mikutano zilihesabiwa kama makala za FASEB Journal, jarida la baiolojia la Marekani, na kipimo chake kikawa 0.24. Mwaka uliofuata ziliondolewa, kikaruka hadi 18.3. Wasomaji walikuwa walewale, na sayansi ilikuwa ileile.

Kwa kawaida ikisiri moja hainukuliwi sana, hivyo kwa majarida mengi ongezeko huwa dogo. Uzito wake uko kwenye wingi, na pia kwenye wakati. Ikisiri hutangulia makala kamili, wakati mwingine kwa mwaka mzima au zaidi, kwa hiyo wenye haraka huinukuu hiyo. Makala kamili ikija kuchapwa kwenye jarida jingine, baadhi ya sifa iliyostahili kulifikia jarida hilo imeshabaki kwa mwenye toleo la ziada.

Linalonisumbua zaidi ni ubora wa ushahidi. Ikisiri mara nyingi hubeba matokeo ya awali, na wataalamu hawaikagui kwa kina kabla ya kuchapwa kama wanavyokagua makala. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yaliyogusa ikisiri zaidi ya 300,000, yalionyesha kwamba takriban asilimia 37 tu ndizo zilizofikia kuchapishwa kama makala kamili. Anayejenga hoja ya matibabu juu ya ikisiri huenda anategemea kazi ambayo msomaji hataiona kamwe kwa ukamilifu wake, pamoja na mbinu na takwimu zake zote.

Kwa hiyo, ukiwa unapitia orodha yako ya marejeo, angalia namba za kurasa. Ukiona herufi S mbele ya namba, au ukurasa mmoja tu pamoja na neno la toleo la ziada (Supplement au Suppl), huenda hiyo ni ikisiri. Tafuta majina ya waandishi haohao katika PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya maandiko ya tiba, au Google Scholar. Makala kamili ikiwapo, isome na uinukuu hiyo. Isipokuwapo, andika wazi katika marejeo kwamba ulichonukuu ni ikisiri ya kongamano.

Nanyi mlio kwenye kamati za kupandisha vyeo, ombeni makala zenyewe mzisome. Azimio la San Francisco la tathmini ya utafiti, lililotolewa 2013, lilishasema kipimo cha jarida kisitumike kumpima mtafiti mmoja mmoja.