Enka imevunjika au imeteguka tu? Maswali ninayoulizwa sana hapa Moshi

Masika yakishaanza njia za Kibosho, Uru na Machame zinakuwa utelezi mtupu, na sisi wa mazoezi ya viungo ndo tunapokea enka za kila aina. Mwingine kateleza na mkungu wa ndizi kichwani, mwingine bodaboda imemlalia, wapo na wagumu walioteleza wakishuka mlima na mizigo ya wageni. Maswali yao yanafanana kwa hiyo nimeona niyaandike tu.

Vidole nachezesha vizuri kabisa, si ina maana sijavunjika?

Hapana jamani, hii ndo inaongoza kwa kudanganya watu. Vidole vinavutwa na misuli iliyoko juu huko kwenye ugoko na shavu la mguu, kamba zake zinapita tu pembeni ya enka, kwa hiyo mfupa unaweza ukawa umekatika vipande viwili na vidole vinacheza kama kawaida. Enka yenyewe ni mifupa mitatu, ule mnene wa ugoko, mwembamba wa upande wa nje, na mmoja mfupi uliobanwa katikati yao kwa chini. Zile nundu mbili unazozishika ndani na nje ni ncha za hiyo mifupa ya juu, na mara nyingi ndo zinazovunjika, hasa ya nje.

Sasa ntajuaje?

Kwa kuangalia uvimbe huwezi jua, maana hata kuteguka kunavimba na kuvilia damu mpaka mguu unakuwa kama zambarau. Kuna kipimo kilitolewa na madaktari wa Ottawa kule Kanada mwaka 1992 na hakihitaji mashine yoyote. Minya kwa kidole ukingo wa nyuma wa kila nundu, anzia nchani upande juu kama sentimita 6, ukisikia mfupa wenyewe unauma nenda kapige picha ya X-ray. Au kama pale pale ulipoumia ulishindwa kupiga hatua 4 na hadi sasa unashindwa, nenda kapige picha, kuchechemea kunahesabika kuwa umetembea. Minya pia mfupa uliojitokeza pembeni ya unyayo upande wa kidole kidogo, na ule wa ndani mbele ya enka, nao wanavunjikaga watu hapo wakidhani ni enka. Kama vyote hivyo hakuna, uwezekano wa kuwa umevunjika ni mdogo sana.

Ila usimpime hivyo mtu aliyelewa, aliyetoka kwenye mbege anatembea hata hatua 40 na mguu umevunjika. Wala mwenye kisukari ambaye miguu ishakufa ganzi. Hao ni picha moja kwa moja.

Bibi anasema tukande na maji ya moto ya chumvi, af kuna mzee hapa anajua kuvuta

Bibi mpe shikamoo yake ila maji ya moto siku za mwanzo yanaongeza uvimbe. Weka barafu ndani ya kitambaa dakika 15 hadi 20 kisha utoe, mguu uwe juu ya mito, juu kuliko kifua. Huyo mzee wa kuvuta hapana kabisa kabla ya picha. Nimepokea watu waliochuliwa wiki tatu nzima nyumbani, mfupa umeshaanza kuunga ukiwa umekaa upande, hapo daktari inabidi auvunje upya ndo aupange, kazi mara mbili na gharama mara mbili.

Ukiona mguu umegeukia pembeni, au unyayo ni wa baridi, au kuna jeraha mfupa unaonekana, hiyo ni dharura ya masaa sio ya kesho. Funika jeraha kwa kitambaa kisafi (usimwage majivu wala kahawa), funga mguu na mto au maboksi na kanga kama ulivyo, usijaribu kuunyoosha, na usimpe chai wala mtori maana anaweza kuhitaji kuingia theatre (chumba cha upasuaji). Moshi mjini hospitali ya mkoa ni Mawenzi, Arusha ni Mount Meru, zikiwa ngumu zinapelekwa hospitali ya rufaa ya KCMC. Mlimani anashushwa kwa kile kitanda cha tairi moja, na kuruka ruka kwa mguu mmoja hadi getini isiwe ndo ujasiri wako.

Mwenzangu kafungwa hogo (plasta ngumu) akarudi home, mimi naambiwa vyuma. Kwa nini?

Inategemea enka bado imetulia au imelegea. Ikivunjika nundu ya nje peke yake na mifupa haijahama, mara nyingi hogo au buti la wiki kama 6 linatosha. Zikivunjika zote mbili, au mfupa wa chini umehama kwenye nafasi yake, hogo peke yake halishiki, zinawekwa bamba na skrubu. Na hapa watu wanakasirika sana, amelazwa wiki nzima "hawanipasui, wanataka hela". Sio hivyo, ngozi ya enka ni nyembamba na ikiwa imevimba ukiipasua kidonda kinaweza kugoma kufunga na kuoza, kwa hiyo wanasubiri mpaka ianze kukunjamana. Wewe inua mguu tu, ndo kazi yako.

Ukiwa na hogo, vidole vikifa ganzi, vikawa vya bluu, au maumivu yanazidi badala ya kupungua hata umemeza dawa, rudi hata kama ni saa nane usiku. Shavu la mguu likivimba au ukabanwa kifua vilevile. Na spoku ya kujikunia humo ndani acha, vidonda vyake havionekani hadi vinuke.

Supu ya kongoro inaunga mfupa?

Kunywa, ni tamu, ila kongoro haiendi moja kwa moja kuwa enka yako. Mfupa unataka protini na kalsiamu, dagaa, maziwa, maharage, mayai vinatosha. Sigara ndo adui, inachelewesha kuunga.

Hogo limetoka, mbona mguu umekonda na jioni unavimba?

Kawaida, misuli ililala. Uvimbe wa jioni unaweza kukaa miezi kadhaa. Zungusha enka kama unaandika herufi hewani, vuta unyayo kuja kwako kwa kanga, halafu kusimama kwa mguu mmoja ukishika mlango, uzito unaongeza kadiri daktari anavyokuruhusu. Watu wa bodaboda ndo wabishi hapa. Kulia ni breki ya nyuma, kushoto ni gia, kama huwezi kukanyaga kwa nguvu bila kukunja uso mwache mdogo wako aendeshe wiki hizo mbili tatu.