Bawa Linalopanda na Kushuka: Dhana Potofu Kuhusu Umeme wa Mikondo ya Bahari

"Bila bwawa hupati umeme wa maji kujaa na kupwa."
Bwawa ni njia moja, ile ya La Rance, Ufaransa, inayofanya kazi tangu 1966. Bawa, yaani ubao mpana unaopandishwa na kushushwa na mkondo, halizuii maji. Hukaa ndani ya mkondo na kuyaacha yapite.

"Lazima kuwe na pangaboi linalozunguka majini."
Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ndipo penye uzuri wake. Tumbukiza ubao mpana mkondoni, umeinamishwa kidogo: maji yatausukuma juu. Ukifika kileleni, geuza mwinamo. Sasa yatausukuma chini. Mtambo wa Stingray, uliojaribiwa 2002 na 2003 katika mlango wa bahari wa Yell Sound, visiwani Shetland, Uskoti, ulitumia ujanja huo huo. Bawa lilipandisha na kushusha mkono mkubwa wa chuma, mkono ukasukuma pistoni, na mafuta yenye presha yakazungusha mota ya jenereta. Kuzunguka kupo, ila si kwa kile kinachoguswa na mkondo. Mtambo huo uliundwa kutoa kilowati 150.

"Panahitaji kina kirefu."
Kinyume chake. Pangaboi huchora duara, na maji yakiwa mafupi duara nalo hubanwa. Bawa hufagia mstatili: ukikosa kina, unaongeza upana. Ndiyo maana mwaka 2009 kampuni ya Pulse Tidal iliweka mtambo wake wa kilowati 100 kwenye maji mafupi ya mlango wa mto Humber, Uingereza.

"Mkondo wowote unatosha."
La. Mkondo wa mita 1 kwa sekunde hubeba takriban wati 500 katika kila mita ya mraba. Wa mita 2 hubeba zaidi ya wati 4,000. Kasi mara mbili, nguvu mara nane! Mvuvi anayejua tofauti ya bamvua na maji mafu hahitaji kuelezwa zaidi.

"Kupiga mbawa ni kupoteza nguvu."
Kuna ukweli kidogo hapa: kila bawa linapogeuka, nguvu hushuka, na hilo limewatesa wahandisi. Dawa ni mabawa mawili yanayopishana. Moja likigeuka, jingine liko kazini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Laval, Kanada, walijaribu mtambo wa namna hiyo ziwani, na matokeo waliyochapisha 2011 yalionyesha kwamba ulinasa takriban asilimia 40 ya nguvu ya maji. Kikomo cha kinadharia kwa mtambo mmoja katika mkondo ulio wazi ni asilimia 59.