Uhalisia mseto na miwani inayoziba chumba

Hapa Kampala kila miwani ya kompyuta siku hizi inaitwa "uhalisia mseto". Mtu anavalishwa, anaonyeshwa moyo unaodunda gizani, kisha anatoka akisema amesoma anatomia kwa uhalisia mseto. Juzi nimesikia hivyo tena, kutoka kwa mtu anayefundisha madaktari, nikaona afadhali niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Ni teknolojia inayoweka umbo la kompyuta ndani ya chumba ulichomo, likatulia mahali pake huku ukiendelea kuiona meza, mwalimu na mikono yako. Ule moyo wa gizani ni uhalisia pepe: chumba kimetoweka.

Watafiti Paul Milgram na Fumio Kishino walilieleza jambo hili mwaka 1994 kwa mstari mmoja. Ncha moja ni ulimwengu halisi mtupu, ya pili ni ulimwengu uliotengenezwa wote na kompyuta, na vilivyomo katikati ndivyo walivyoviita mseto. Kwa kipimo chao, hata mchoro wa mfupa unaoelea juu ya picha ya kamera ya simu umo. Watengenezaji wa miwani waliokuja baadaye walilibana neno: kwao mseto ni pale umbo linapokijua chumba. Nafuata matumizi haya ya pili, maana darasani ndiyo yenye faida. Kamera na vipima-kina hupima sakafu, kuta na meza, vihisi hufuata kichwa kinavyogeuka, na umbo huchorwa upya papo hapo. Ndiyo sababu ukizunguka meza, mwili wa kompyuta uliolazwa juu yake haukufuati.

Wala usiamue kwa kuitazama miwani tu. Miwani ya HoloLens ya Microsoft, ambayo Chuo Kikuu cha Case Western Reserve huko Cleveland, Marekani, kilitengenezea programu ya kufundishia anatomia iitwayo HoloAnatomy, ilikuwa na vioo vya kuonea nje. Miwani ya Meta Quest 3 imezibwa mbele, lakini kamera zake hukuletea chumba ndani, hivyo nayo hufanya mseto. Ukiiwekea programu nyingine, inakuwa uhalisia pepe mtupu.

Chukua neva rejea ya zoloto, yaani neva ya kisanduku cha sauti kilicho kooni, inayowatesa wanafunzi wengi. Ya kushoto hutoka kwenye neva ya vagasi ndani ya kifua, hupita chini ya upinde wa aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kisha hupanda shingoni hadi kwenye zoloto. Ya kulia hugeuka juu zaidi, chini ya ateri iliyo nyuma ya mtulinga. Kitabuni ni mstari uliopinda, basi. Katika uhalisia mseto mwalimu anaonyesha kwa kidole pale chini ya aota, mmoja amesimama upande wa kichwa, mwingine ubavuni, wote wanaiona neva ileile mahali palepale, kila mtu kwa upande wake, na wanabishana wakitazamana usoni. Kama mwili halisi wa marehemu uko meza ya pili, wanageuka na kuitafuta kwa vidole vyao. Aliye ndani ya uhalisia pepe lazima kwanza avue miwani.

Hapo kosa la jina linaingia kwenye mipango. Makerere imefundisha udaktari tangu 1924, na leo kuna wanaosema miwani itaondoa miili kwenye maabara ya anatomia. Umbo la kompyuta halina uzito, halina ugumu wa tishu, halikufundishi kushika kisu. Tena darasa zima huona mwili mmoja uliopangwa sawasawa, ilhali kwa watu halisi ateri hutofautiana matawi, na daktari wa upasuaji atakutana na tofauti hizo. Uhalisia mseto nguvu yake ni kukaa kando ya mwili, si kuchukua nafasi yake.

Kwa hiyo, ndugu walimu, kifaa chenu kikiziba chumba, kiiteni uhalisia pepe. Ni kifaa kizuri kwa mwanafunzi anayejisomea peke yake. Msipokuwa na uhakika, mvalisheni mtu, mwambieni aizunguke meza huku akitaja nani amesimama wapi.