Upana wa reli za Marekani haukurithiwa moja kwa moja kutoka Roma

Ujumbe unaorudi kila mara kwenye makundi unadai kwamba reli za Marekani zina upana (umbali kati ya vyuma viwili vya njia) wa milimita 1435 kwa sababu magari ya vita ya Roma yalikokotwa na farasi wawili, na kwamba kipimo hicho hakijawahi kubadilika.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vinaonyesha vinginevyo. Kaskazini reli nyingi zilikuwa za milimita 1435, ilhali sehemu kubwa ya Kusini ilitumia futi 5, yaani milimita 1524. Tofauti haifiki sentimita 9, lakini ilitosha kuzuia mabehewa kuvuka, hivyo shehena za jeshi zilipakuliwa na kupakiwa upya, huku mikokoteni ya baghala ikiendelea kubeba chakula na risasi kutoka stesheni hadi kambini. Reli za Kusini zilipunguzwa upana mwaka 1886, na zikakaribia kulingana na za Kaskazini.

Mkanganyiko unaeleweka, kwa kuwa kipimo hicho kilitoka kwenye njia za mabehewa ya makaa ya mawe huko Uingereza, yaliyokokotwa na farasi kweli. Tafadhali tusiusambaze tena ujumbe huo. Anayetaka kuhakiki atazame ramani ya reli za Marekani ya mwaka 1861 inayoonyesha vipimo, au alinganishe reli kongwe ya Mombasa, yenye upana wa mita moja, na reli mpya iliyo jirani yake, yenye milimita 1435.