Je, anayependa BDSM lazima aliumizwa utotoni?

Wengi wanaamini kwamba mtu mzima anayependa kufungwa kamba au kuamrishwa faraghani na mwenzi wake, yaani BDSM, lazima aliumizwa utotoni au akili yake haiko sawa. Imani hii ina chimbuko. Kwa miaka mingi madaktari waliandika juu ya wagonjwa waliofika kwao wakiteseka, wasioteseka hawakuonekana.

Utafiti mmoja wa Uholanzi wa 2013 uliwalinganisha watu 902 wa mambo haya na wengine 434. Wale wa kwanza walikuwa na wasiwasi mdogo na kuridhika zaidi na maisha, ingawa hawakuwa wepesi kukubaliana na wenzao. Tusitie chumvi: hilo halithibitishi kwamba BDSM ni tiba. Mwongozo wa kimataifa wa magonjwa ulioanza kutumika 2022 nao hauhesabu tena matendo ya ridhaa yenyewe kuwa ugonjwa.

Kwenye uhusiano, kinachojenga ni mazungumzo. Wawili huketi mapema, wakakubaliana mipaka na neno kama "nyekundu". Likitamkwa, kamba inafunguliwa papo hapo. Kisha blanketi, maji, na "uko sawa?" Anayelipuuza neno hilo anafanya ukatili, hata akiwa mume au mke. Na kukaba shingo ni hatari hata kwa ridhaa, hapo silegezi.

Ukikutana na dai lolote, uliza: waliohojiwa walitoka kliniki au mitaani? Walilinganishwa na nani? Walijibu bila kutaja majina?