Generalmajor wa Ujerumani si Meja Jenerali

Wasomaji wengi wa historia ya Vita Kuu ya Pili huamini kwamba Generalmajor wa jeshi la Ujerumani alilingana na Meja Jenerali wetu. Majina yanafanana, kwa hiyo kosa linaeleweka. Lakini hadi 1945 hicho kilikuwa cheo cha chini kabisa cha ujenerali: juu ya kanali hapakuwa na brigedia, kwa hiyo kinalingana na Brigedia Jenerali, ingawa baadhi yao waliongoza divisheni nzima.

Itazame picha begani. Kuna kamba za dhahabu na fedha zilizosukwa juu ya kitambaa chekundu. Pasipo nyota, huyo ni Generalmajor. Nyota 1 ni Generalleutnant; 2, jenerali wa tawi fulani la jeshi, mathalani la askari wa miguu; 3, Generaloberst. Anayehesabu kwa mazoea ya majeshi mengine hukosea hapo hapo.

Tarehe za kupandishwa cheo nazo huchanganya. Ukuu kazini, yaani nani amemtangulia nani katika cheo kilekile, mara nyingine ulihesabiwa tangu tarehe ya nyuma, kabla ya kupandishwa cheo kwenyewe. Vitabu viwili vikitofautiana kwa miezi, angalia kwanza kila kimoja kimetumia tarehe ipi.