Gredi ya A Haithibitishi Umahiri: Dhana Potofu Kuhusu Tathmini katika Shahada ya Bioinfomatiki

Dhana potofu: Wanafunzi wakifaulu mtihani, malengo ya shahada yamefikiwa.

Kila ripoti ya kutathmini mtaala inapodaiwa, wahadhiri wenzangu hapa Kisumu hunirudia na kauli hii, na kusema kweli imenichosha. Huletwa orodha ya gredi, huonyeshwa kwamba wengi wamepata A na B, kisha huandikwa kwamba wahitimu wetu wa bioinfomatiki, fani ya kutumia kompyuta kuchunguza data za kibiolojia, wanaweza kuchanganua data za jenomu (DNA yote ya kiumbe). Gredi haisemi hivyo. Ndani yake mmejumlishwa majaribio ya muhula, kazi ya kikundi na mtihani ambao mwanafunzi huchagua maswali ya kujibu, hivi kwamba anayeeleza vizuri historia ya hifadhidata za DNA anaweza kupata B bila kuchanganua mfuatano hata mmoja wa DNA au protini.

Nachukua mfano wa malaria kwa sababu ni ugonjwa wa kwetu, ukanda wa ziwa. Mwanafunzi hupewa mfuatano wa protini ya kelch13 ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, aseme kama una badiliko la A675V, yaani asidi amino (kijenzi cha protini) iitwayo alanini (A) imegeuka valini (V) kwenye nafasi ya 675. Badiliko hilo limeripotiwa nchini Uganda na linahusishwa na ukinzani dhidi ya artemisinini, dawa ya malaria. Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, huanza kuhesabu kwa 0, kwa hiyo asidi amino ya 675 huitwa kwa namba 674. Anayeandika 675 husoma asidi amino ya 676, ambayo kwa kawaida nayo ni alanini. Programu haigomi wala haitoi onyo, herufi A inatokea, na mwanafunzi anaandika kwa kujiamini kwamba kimelea hakina badiliko. Katika maabara ya utafiti, jibu hilo ni kimelea sugu kilichopita bila kuonekana. Katika karatasi ya mtihani, ni alama mbili zilizopotea na kufidiwa na swali la insha.

Kwa hiyo kila lengo lipewe kazi yake na mwongozo wake wa kusahihisha, na ripoti iseme ni wanafunzi wangapi walilifikia na waliosalia walikwama hatua gani. Ushauri ninaousisitiza kuliko wowote ni huu: wape wanafunzi uchanganuzi uliokwisha kufanywa, wenye kosa moja la aina hiyo, walitafute na kulisahihisha. Zoezi hilo hufichua uelewa ambao maswali ya “fafanua” na “taja” hayaugusi kabisa.

Dhana potofu: Programu ya kompyuta ikitoa jibu sahihi, mwandishi wake ameelewa.

Mashine inayosahihisha kodi, yaani maandishi ya programu, hulinganisha majibu tu, na kodi yenye kosa nililotaja ingepita kwa kila sampuli isiyo na badiliko. Dakika chache za kumhoji mwanafunzi ana kwa ana kuhusu mstari mmoja wa kodi yake zina uzito zaidi.

Dhana potofu: Hojaji ya wanafunzi inatosha.

Hojaji hupima imani ya mwanafunzi kuhusu uwezo wake. Aliyejaza kwamba anaimudu BLAST, programu ya kutafuta mifuatano inayofanana ndani ya hifadhidata, aulizwe thamani ya E (idadi ya mifanano kama hiyo inayotarajiwa kutokea kwa bahati tu) hubadilikaje hifadhidata ikiongezeka maradufu ilhali alama ya ulinganishaji haijabadilika. Thamani hiyo huongezeka takriban maradufu, na asiyejua hivyo hawezi kulinganisha matokeo ya hifadhidata mbili.

Dhana potofu: Mradi wa mwaka wa mwisho utapima kila kitu.

Utapima kwa kuchelewa, na mara nyingi utapima pia bidii ya msimamizi. Udhaifu wa kuhesabu nafasi za mfuatano unapaswa kuonekana mwaka wa pili, wakati bado kuna mihula ya kuurekebisha. Wala si lazima malengo yote yapimwe kila mwaka: mawili au matatu yanatosha, mradi mzunguko uyafikie yote na kila udhaifu uliogunduliwa uingizwe katika ratiba ya mafunzo ya muhula unaofuata.